Mizani ya Chekalini

Asubuhi moja ya Mei 2020, watoto sita walikaa juu ya magunia matupu kando ya ghala la mahindi nyumbani kwetu Chekalini, wakihesabu vidole. Walikaa mbalimbali kama redio ilivyoagiza, barakoa zimeshuka kidevuni, midomo ikicheza bila sauti. Chaki sikuwa nayo. Nilikuwa nimeandika ubeti mmoja kwa kaa la jikoni kwenye mlango wa ghala, ubeti niliotunga usiku wa kuamkia siku hiyo:

Ulinizika shambani, masika yalipofika,
Nikachomoka gizani, jani langu kuinuka,
Leo nimo guniani, kamba nimeshafungika,
Waniuza mizanini, bei iliyopunguka.

Hazikupita dakika mbili. "Mizani kumi na sita, mwalimu, nane kwa nane." "Ni tarbia." "Kina cha kati ni 'ni', cha mwisho ni 'ka'." Binti wa kaka yangu, aliyekuwa ameongoza darasa lao muhula uliotangulia, akamalizia: "Bahari yake ni mtiririko." Yote yalikuwa sahihi. Mtihani ungeishia hapo, wangezoa alama zote.

Nikawauliza ni nani anayesema humu ndani. Wakanitazama. Mmoja akataka kujua kama hilo nalo huulizwa kwenye KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi.

Swali lake lilikuwa la haki. Watoto hao walikuwa watahiniwa, isipokuwa mmoja wa darasa la sita aliyemfuata dada yake. Karatasi ya Kiswahili ya KCPE ilikuwa na maswali hamsini ya kuchagua kati ya A na D, kisha insha ya alama arobaini, na jumla ya masomo yote ilikuwa alama 500. Alama hizo ndizo zilizoamua nani ataingia kidato cha kwanza katika shule gani, na kwa mtoto wa mkulima hapakuwa na lango jingine. Ushairi ulipoingia kwenye maswali hamsini uliingia kwa jina tu: ubeti wa mishororo mitano huitwaje? Mtoto akishajua takhmisa, anaweka alama yake na kusonga mbele. Kwa nini basi nimsumbue kumtafuta mtu anayesema?

Chekalini ni wadi ya Lugari, kaskazini mwa Kakamega, mahali ambapo kaunti inakaribia kukutana na Uasin Gishu. Zamani yalikuwa mashamba ya walowezi. Baada ya uhuru yalikatwakatwa na kugawiwa watu waliotoka kila upande wa Uluhya, ndiyo maana kwenye njia moja ya kwenda kisimani utasikia Kimaragoli, Kibukusu, Kikabrasi na Kitachoni. Kiswahili hapa ni lugha ya majirani. Watoto wetu hawajifunzi kukisema shuleni, wanafika nacho. Wanachokosa ni kuambiwa kwamba hicho walichofika nacho kina thamani.

Mimi nilikuwa nafundisha Kiswahili katika shule ya upili mbali kidogo na nyumbani. Serikali ilipotangaza tarehe 15 Machi kwamba shule zote zifungwe, nilirudi kwa mama nikidhani nakaa wiki tatu. Mahindi yalipandwa, yakapaliliwa, yakatoa mbelewele, na bado tulikuwa nyumbani. Mwezi wa Julai Wizara ya Elimu ilipotangaza kwamba mwaka mzima wa masomo umefutwa, binti wa kaka yangu alilia hadi akalala bila kula. Masomo ya pale ghalani yalikuwa yameanza mapema, kama namna ya kuwashikilia watoto wasiteleze, zaidi ya kuwaandaa kwa mtihani ambao hatukujua utafanyika lini.

Lazima niseme wazi kwamba jibu lao la asubuhi ile, mizani na vina na bahari kwa pumzi moja, lilinichoma kwa sababu ndilo nililokuwa nimefundisha kwa miaka kumi na mmoja. Katika KCSE, mtihani wa kumaliza shule ya upili, karatasi ya tatu ya Kiswahili ni ya fasihi, na swali la ushairi lina alama ishirini kati ya themanini. Swali la "eleza umbo la shairi hili" lina jibu linalokaririwa kama sala: shairi lina beti kadhaa, kila ubeti una mishororo minne, kila mshororo umegawanyika vipande viwili, ukwapi na utao, kuna kibwagizo, vina viko hivi. Niliwapa wanafunzi wangu jibu hilo kwenye karatasi moja, wakalibandika ndani ya vifuniko vya madaftari. Walipita. Wakuu wa idara walinisifu.

Lakini kuna karatasi moja niliyosahihisha ambayo haijanitoka. Shairi lilikuwa la mama anayemsihi mwanawe arudi kutoka mjini. Swali lilitaka toni na ushahidi wake. Mwanafunzi wangu wa kidato cha nne, kijana mwenye akili, aliandika: "Toni ni ya huzuni kwa sababu mshairi ametumia inkisari." Nilimpa nusu ya alama kwa huzuni. Kisha nikakaa na kalamu nyekundu mkononi muda mrefu. Mama alikuwa analia mbele yake, naye alimwona mtu aliyekata silabi. Macho hayo nilimpa mimi.

Turudi ghalani. Kimya kilipozidi, kijana wa jirani ambaye hakuwa ametamka neno tangu afike akasema polepole, "Ni maiti."

Wenzake walicheka. Nami nilikuwa na jibu langu tayari: ni hindi linalosema, linamwambia mkulima aliyelipanda. Nilikuwa nimetunga fumbo hilo nikaliona zuri. Ila yule kijana alikuwa ameshika neno la kwanza kabisa la ubeti, "ulinizika", ambalo wale watano waliotaja vina na bahari walilipita mbio. Babu yake alikuwa amezikwa mwezi wa Aprili, pale pale kwenye shamba lao, asubuhi na mapema, watu wachache tu wamesimama mbalimbali kwa sababu ya korona, mvua ya masika ikinyesha. Kwetu mtu hulazwa kwenye ardhi yake. Mtoto huyo alijua kuzikwa shambani ni nini.

Nikamwambia aendelee. Maiti anasema nini? Akausoma mshororo wa pili, akatua kwenye "jani". "Majani huota kaburini, mwalimu." Nikakubali. "Na wa tatu?" Akasoma mpaka "guniani", akakwama. Akatazama chini, kwenye gunia alilolikalia. Hakuna aliyecheka tena. Binti wa kaka yangu akajishika mdomo: "Ni mahindi! Mahindi ndiyo yanaongea!"

"Lakini mwanzo ni kama maiti," kijana akasisitiza.

Na ni kweli. Mwanzo ni kama maiti. Hata mimi niliyetunga sikuwa nimeona kwamba nguvu ya ubeti ule iko hapo, katika kudhani kwanza kwamba mtu amezikwa, kisha kugundua kwamba aliyezikwa anachomoka. Ningemsahihisha kijana yule haraka, ningemnyang'anya shairi, na mimi mwenyewe ningelikosa.

Tangu siku hiyo niliweka sharti: hakuna kuhesabu chochote kabla hatujajua nani anasema, anamwambia nani, na wako wapi. Watahini wana maneno yake, nafsineni na nafsinenewa, nami niliyataja baadaye, watu wenyewe walipokwisha kuonekana. Mtoto akishawaona wawili wale, mmoja anasema na mwingine anasikiliza, maswali mengine hujileta. Kwa nini anamwambia? Amekasirika? Anaomba? Hapo ndipo toni na dhamira zilipo, na mtoto amefika bila kusukumwa.

Zoezi la pili lilitoka kwa mama yangu, ambaye watoto wote wa pale walimwita kukhu, yaani bibi. Alikuwa hukaa barazani akipukuchua mahindi, sikio liko kwetu. Siku moja nikamtuma mtoto mmoja akamsimulie kukhu shairi tulilosoma, kwa maneno ya kawaida. Mtihani unaliita zoezi hili kuandika ubeti kwa lugha nathari, na wanafunzi wengi hulifanya kwa kuyapanga maneno yale yale ya shairi kwenye mstari mmoja bila kubadili kitu. Kwa kukhu hilo halikuwezekana. Ukimwambia "jani langu kuinuka" anakuuliza, "Jani la nani? Liliinuka likaenda wapi?" Mtoto akikosa neno la Kiswahili alisema kwa Kibukusu, kukhu akaelewa, kisha wakalitafuta la Kiswahili pamoja. Mtoto alirudi kwangu na maelezo safi ambayo msahihishaji yeyote angeyapa alama kamili.

Siku ya ubeti wa mahindi, kukhu aliuliza jambo ambalo halikuwa kwenye orodha yangu. "Hilo hindi limekasirika, au linamhurumia mwenye shamba?"

Watoto waligawanyika. Watatu walisema limekasirika: limezikwa, limefungwa kamba, limeuzwa. Wengine walisema linamhurumia, maana anayepunjwa kwenye mizani ni mkulima, hindi halipati kitu wala halipotezi kitu. Walibishana karibu nusu saa, wakirudi kwenye neno moja moja, "waniuza", "iliyopunguka", wakipimana. Mama alimaliza kupukuchua karai zima akiwasikiliza. Alipoulizwa yeye anaonaje, alisema linamhurumia, maana limekaa naye tangu mvua ya kwanza, linajua alivyohangaika. Sijawahi kupata somo la toni lililonifunza kuliko lile.

Sasa niseme kuhusu sikio, maana hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo ningependa kila mwalimu wa upande wetu alijue.

Yule mdogo wa darasa la sita alikuwa na kasoro moja isiyokwisha. Kila mshororo wenye "mtu" au "mtoto" au "mkono", hesabu yake ilipungua mizani moja. Alihesabu "mtu" kama silabi moja, "mtoto" kama mbili. Nilimweleza kanuni: "m" hii inasimama peke yake, ni silabi kamili, m-to-to, tatu. Aliitikia, kesho yake akarudia kosa. Hakuwa mzembe. Sikio lake halikusikia kitu pale.

Nilikumbuka darasa la nne nilipokuwa mimi. Mwalimu mmoja alinisimamisha mbele ya wenzangu nirudie neno "mtu" mpaka nilitamke sawasawa, kwa sababu nilisema "mutu". Wenzangu, ambao nyumbani walisema "mutu" kama mimi, walicheka mpaka machozi. Nilijifunza kuimeza ile "u". Niliimeza vizuri mno, na nikawa mwalimu wa Kiswahili ambaye hakuna aliyeweza kusikia ametoka wapi.

Nikamwita yule mdogo. Nikamwambia, sema kama anavyosema kukhu. Akaona haya. Nikasema mimi kwanza: mu-to-to. Mu-tu. Mu-ko-no. Nikagonga ndoo kila silabi. Akacheka, akagonga naye. Tatu, mbili, tatu. Kisha nikamwambia: sasa ifiche "u", lakini usiifiche nafasi yake. M-to-to. Ndoo bado inagongwa mara tatu. Macho yake yakafunguka. Tangu hapo hakukosea tena.

Ndivyo ilivyo. Katika Kimaragoli mtu ni "mundu", mkono ni "mukono". Wabukusu wanasema "omundu". Lugha zetu zote hapa zimeitunza ile "u" ambayo Kiswahili sanifu kimeiacha kwenye matamshi lakini hakikuiacha kwenye mizani. Mshairi wa Mombasa anapoihesabu "m" ya "mtu" kama silabi nzima, anahesabu kitu ambacho bibi wa Chekalini bado anakitamka. Lafudhi tuliyochekwa kwayo ndiyo ilikuwa ufunguo wa mizani, nami niliishi miaka thelathini bila kujua. Nikifikiria watoto wangapi wameamini kwamba ushairi ni mali ya watu wa pwani kwa sababu ya vinywa vyao, moyo huniuma.

Neno "mizani" lenyewe lilitusaidia. Kwa mtoto wa huku, mizani ni ile anayokuja nayo dalali wakati wa mavuno, ananing'iniza gunia, anasoma namba kabla hujaiona. Kila mtoto anajua gunia la kilo tisini, na anajua lumbesa, gunia lililojazwa likapandishwa juu na kushonewa kofia ya kamba, likauzwa kwa bei ya gunia moja. Nikawaambia kipande chenye mizani tisa ni lumbesa. Mshairi mwenye neno refu hafungi lumbesa. Analisukasuka gunia mpaka nafaka ishuke. "Mama yangu" ni mizani nne. Sukasuka kidogo: "mamangu", tatu. Umeshasema hivyo tangu uanze kuongea, na jina lake ni inkisari. Kinyume chake, gunia likipwaya mshairi anaongeza gorogoro moja: "enda" inakuwa "enenda". Hiyo ni mazda. Hawakuyasahau majina hayo, na zaidi ya hapo walielewa kwamba mshairi hakati silabi kwa sababu ana huzuni. Anakata ili mzigo ukae sawa. Huzuni inatoka kwingine.

Majina ya tungo nayo huogopesha bure. Hakuna aliyewahi kuniambia shuleni kwamba maneno yale ni ndugu wa hesabu tunayoitumia kila siku. Mtoto anayetumwa dukani robo ya sukari tayari ana tarbia mdomoni, kwa kuwa yote mawili yametoka kwenye nne ya Kiarabu. Theluthi na tathlitha ni mzizi mmoja. Takhmisa imebeba tano ile ile iliyomo katika Alhamisi. Nilipowaeleza hivyo mwezi wa Septemba, baada ya miezi minne ya kusikiliza na kubishana, waliyashika majina yote kwa siku mbili. Mimi nilikuwa nikitumia muhula mzima kuyapigilia kwenye vichwa ambavyo havikuwa na mahali pa kuyatundika.

Bahari tu ndiyo iliyonishinda kidogo. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa ameona bahari, na kuwaambia kwamba aina za mashairi zinaitwa bahari hakukuwapa picha yoyote. Nikawaambia wafikirie mto Nzoia na vijito vyake, kila kimoja na mwendo wake. Ikatosha.

Alasiri moja ya mvua, tumejibanza ndani ya ghala, waliniuliza mashairi yana kazi gani nje ya mtihani. Niliwasimulia habari za Abdilatif Abdalla wa Mombasa. Mwaka wa 1968 aliandika kijikaratasi cha kuihoji serikali kilichoitwa "Kenya: Twendapi?", akafungwa, akakaa gerezani hadi 1972. Huko, peke yake, alitunga mashairi akiyaandika kwenye karatasi za chooni. Yalichapishwa mwaka wa 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki, na mwaka uliofuata yakashinda Tuzo ya Jomo Kenyatta ya Fasihi. Watoto walinyamaza. Walikuwa wamefungiwa nyumbani miezi kadhaa, kafyu inaanza jioni, na neno "peke yake" waliliona kwa karibu.

Yule kijana wa jirani akauliza: "Kama karatasi ingechukuliwa?"

Nikamwambia kwamba hapo ndipo vina na mizani vinapofanya kazi yake. Kitu kilichofungwa nane kwa nane, mwisho wa kila kipande umeshikwa na sauti moja, hakipotei kirahisi kichwani. Ukisahau neno, kina kinakuonyesha lilikuwa linaishiaje. Ukiongeza neno lisilokuwamo, mizani inakukatalia. Kabla ya daftari, hivyo ndivyo watu walivyoweka mambo yao. Wabukusu hutahiri Agosti ya miaka inayogawika kwa mbili, na kila mtoto wa hapa anajua jinsi mmoja anavyotoa wimbo na umati unavyoitikia maneno yale yale. Wakaona wenyewe kwamba kile kiitikio ni kibwagizo.

Wapo watakaouliza kuhusu mashairi huru, maana mitihani inayo, na tangu Euphrase Kezilahabi atoe diwani yake Kichomi mwaka wa 1974 mlango huo haujafungwa tena. Mimi nayapenda. Ila maoni yangu ni kwamba mtoto aanze na lenye vina na mizani. Sisemi ndilo shairi pekee la kweli, kama walivyodai wanamapokeo walipogombana na watetezi wa mashairi huru. Nasema mtoto aliyezoea kusikia mapigo atasikia pia pale mapigo yalipovunjwa makusudi, na ataweza kuuliza kwa nini yamevunjwa.

Shule zilifunguliwa kwa watahiniwa tarehe 12 Oktoba 2020, mahindi yakiwa yamekauka shambani. KCPE ya mwaka huo ilifanyika Machi 2021. Binti wa kaka yangu aliingia kidato cha kwanza mwezi wa Agosti, akafanya KCSE mwaka wa 2024, na jioni ya karatasi ya fasihi alinipigia simu. Hakuniambia shairi lilikuwa la namna gani. Alisema, "Shangazi, nilimwona anayesema kabla sijashika kalamu." KCPE yenyewe imekwisha, ya mwisho ilikuwa 2023. Wadogo zake sasa wanafanya KPSEA gredi ya sita na KJSEA gredi ya tisa. Majina ya mitihani yanabadilika, na nikitembelea madarasa bado nakuta ile karatasi ya umbo imebandikwa ndani ya vifuniko vya madaftari.

Kabla hawajarudi shuleni Oktoba ile, niliwapa kazi moja: mkulima ajibu. Hindi limesema, sasa mwenye shamba naye aseme, ubeti mmoja, tarbia. Walileta kazi zao wakati wa mavuno, mikono imepauka kwa vumbi la maganda. Watano mkulima wao alimlaumu dalali. Wa sita alikuwa kijana wa jirani, na ubeti wake haukuzungumza na hindi. Mishororo mitatu ilikaa vizuri, nane kwa nane. Wa nne ulianza hivi: "Babu hukuchomoka."

Nilihesabu kwa mazoea. Saba. Nikahesabu tena kwa kugonga mlango wa ghala, mahali pale pale ambapo alama za makaa zilikuwa zimefifia. Nikamwonyesha. Nikamwambia anaweza kutafuta neno refu kidogo, nikaanza hata kumtajia moja.

"Nimeona, mwalimu," akasema. "Baada ya 'Babu' hapo nanyamaza kidogo."

Nikamrudishia daftari bila kuandika kitu.